Kipimo Halali, Bila Lumbesa



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, kila mwaka vijana wetu wanapomaliza mitihani ya kidato cha sita, mazungumzo ya nyumba nyingi za bonde letu la Kilombero hubadilika. Kwa majuma kadhaa watu huacha kuulizana bei ya mpunga, wakaanza kuulizana ni kijana yupi amepangiwa kambi ipi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wengine hupelekwa mbali, Bulombora kule Kigoma au Oljoro kule Arusha. Wengine hutoka mikoa ya mbali wakaletwa kwetu, wakapita hapa Ifakara na mizigo yao, wakaelekea Chita, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye kikosi cha 837 KJ. Katika magari hayo huwamo wavulana na wasichana. Hapo ndipo maneno huanza.

Nimeyasikia maneno hayo mwaka huu baada ya ibada ya Jumuiya Ndogo Ndogo, tulipokuwa tumekaa kivulini tukinywa chai. Mzee mmoja, mtu wa heshima na mwenye sauti katika jumuiya yake, alisema, "Baba Paroko, hawa mabinti wanapewa vyeti vya huruma. Jeshi ni la wanaume. Wao wanapunguziwa." Mama mmoja akamjibu bila kuinua macho kwenye kikombe chake, "Mzee wangu, ungeona miguu ya mwanangu aliporudi, usingesema kapunguziwa." Mama wa tatu akasema jambo jingine kabisa, kwa sauti ya chini: kwamba yeye haogopi mazoezi, anaogopa binti yake atarudi mgumu kama mwanamume, na hatapata mchumba.

Watu watatu, hofu tatu. Nimeona si haki niwajibu kwa juu juu, maana wote watatu wanasema juu ya watoto wetu.

Kuna pia wa nne, na ndiye aliyenifanya niandike. Binti mmoja wa parokia yetu, ambaye sitamtaja jina wala kijiji, alimaliza miezi mitatu ya mujibu wa sheria akarudi nyumbani. Sasa anataka kuomba nafasi ya kujitolea, ambayo ni ya miaka miwili, kwa matumaini ya kuingia jeshini moja kwa moja. Baba yake amekataa. Alipokuja ofisini kwangu, nilitazamia aniombe nikaseme na mzazi wake. Hakuomba hilo. Aliniamkia, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, kama nitapita kwa kipimo chepesi kuliko cha wavulana, siku ya shida watanihesabu kuwa mwenzao?"

Nilimwambia, "Mwanangu, swali lako ni zito. Nipe muda." Haya ninayoandika leo ni jibu langu kwake, na kwa wale watatu wa kivulini.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966, serikali ilipotaka wasomi wote walitumikie kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wanafunzi 393. Miaka iliyofuata, kwenda jeshini baada ya kidato cha sita kulikuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya kijana wa Tanzania, wa kiume na wa kike. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo, mabibi wengi wanaokaa leo kwenye mabenchi ya mbele kanisani, wale waliosoma enzi hizo, waliwahi kulala kwenye hanga na kuamshwa kwa filimbi kabla ya jogoo. Wajukuu wao wa kike hawakuanzisha jambo jipya.

Nami nilipitia huko katika miaka ya 1980, kabla ya kuendelea na masomo ya upadre. Katika kombania yetu tulikuwa na wasichana kiasi cha theluthi moja. Afande wetu alikuwa na saa mkononi na daftari mfukoni. Katika mchakamchaka wa asubuhi, wasichana waliongezewa dakika, na yeyote aliyetimiza muda wake aliandikwa kuwa amepita. Katika zoezi la kujivuta kwa mikono kwenye bomba la chuma, wao hawakuhesabiwa kabisa, waliambiwa wakae pembeni. Namkumbuka dada mmoja aliyelitazama lile bomba kama mtoto anavyotazama sahani ya wenzake.

Kisha siku moja mashine ya maji ikaharibika, na kombania nzima ikatumwa mtoni, mwendo wa karibu nusu saa, kila mmoja na ndoo ya lita ishirini. Sisi wavulana tulizibeba kwa mkono, tukibadilisha mkono kila hatua hamsini, tukafika kambini na nusu ya maji, nusu nyingine ikiwa katika viatu vyetu. Wasichana walizitwika kichwani. Walifika na ndoo zimejaa, na walipoambiwa maji hayatoshi, ndio waliorudi mtoni mara ya pili. Jioni ile afande hakulifungua daftari lake. Maji hayakuwa somo.

Sisemi kwamba kubeba ndoo ni sawa na kupigana vita. Nasema kwamba kila kipimo hupima kile tu ambacho mpimaji aliona kinafaa kupimwa. Mtu akitunga mtihani akiwa amezungukwa na wanaume peke yao, usishangae mtihani ule ukitoka na umbo la mwanamume. Hapa kwetu tunalijua hilo kwa macho. Wakati wa kilimo, familia nyingi huhama kijijini zikaenda kuishi mashambani, mbali na zahanati na barabara. Ni nani anayeinama kutwa nzima kwenye tope akipandikiza mpunga, na mtoto mgongoni? Ni nani anayekaa juu ya dungu tangu alfajiri akiwafukuza kwelea kwelea, na usiku akiwasikiliza nguruwe pori? Hiyo nayo ni lindo. Hakuna aliyewahi kuitoa nishani, lakini bila lindo hilo ghala lingekuwa tupu.

Basi kwa kuwa sisi ni watu wa mpunga, tuufahamu mjadala huu wa vipimo kwa lugha ya mpunga.

Kila mkulima wa Kilombero anaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia, mnakubaliana bei ya gunia moja, kisha analishonea kofia juu, anashindilia, analijaza hadi linakuwa kama mama mjamzito, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita miaka mingi, kwa sababu lumbesa ni wizi uliovaa nguo za biashara. Upande wa pili upo ujanja wa debe lililobonyezwa kitako: mnunuzi wa rejareja hudhani amepata debe zima, kumbe amepata pungufu. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Mungu hakuona ni jambo dogo la sokoni. Aliliweka ndani ya sheria yake.

Mabinti wanaoingia jeshini hukutana na lumbesa na hukutana na debe lililobonyezwa. Lumbesa ni pale binti anapotimiza kila kilichotakiwa kisha akaongezewa kingine, na kingine tena, ili ashindwe na watu waseme, "Tulijua." Debe lililobonyezwa ni pale anapopunguziwa bila kuombwa ridhaa yake, akapewa cheti, kisha cheti kile kile kikawa sababu ya kumdharau. Hivi viwili vinaonekana kama adui na rafiki, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinamnyima binti kitu kimoja, nacho ni kujua ukweli juu ya nguvu zake.

Mfano uliochunguzwa sana duniani juu ya jambo hili ulitokea Marekani mwaka 2015. Jeshi la nchi hiyo lina shule iitwayo Ranger, ambako maofisa na askari hufundishwa kuongoza wenzao wakiwa na njaa, usingizi na uchovu. Mafunzo huchukua takriban siku 62 kwa yule asiyerudia hatua yoyote, yakianzia Georgia, yakapanda milimani, yakaishia kwenye vinamasi vya Florida. Mwaka ule, juma la kwanza peke yake lilitaka mtu apige pushapu 49, akimbie kilomita 8 kwa dakika 40, na atembee kilomita 19 na mzigo wake kwa muda usiozidi saa 3. Hadi mwaka ule hakuna mwanamke aliyekuwa ameruhusiwa kuingia.

Mwezi Aprili 2015 waliingia wanawake 19 pamoja na wanaume 381. Wengi waliondoka mapema, wanaume kwa wanawake, kama ilivyo kawaida ya shule ile. Wanawake watatu waliofika mbali walirudishwa kuanza upya, wakakubali. Tarehe 21 Agosti 2015 walihitimu wanaume 94 na wanawake wawili: Kristen Griest, ofisa wa polisi wa kijeshi, na Shaye Haver, rubani wa helikopta za kivita. Mwezi Oktoba akafuata wa tatu, Lisa Jaster, mhandisi wa jeshi la akiba, mwenye umri wa miaka 37 na mama wa watoto wawili.

Je, maneno yalikwisha? Hayakukwisha. Walisemwa kama mabinti wetu wanavyosemwa kivulini: kwamba wamepunguziwa, kwamba wamebebwa. Mbunge mmoja alidai nyaraka zao za mafunzo. Wakuu wa jeshi walisisitiza kwamba hakuna kiwango kilichobadilishwa. Wapendwa, tazameni jinsi jambo hili lilivyo. Walinzi wao pekee dhidi ya maneno hayo walikuwa wenzao waliolala nao kwenye tope, na ule ukweli kwamba kipimo kilikuwa kimoja. Kama kipimo kingekuwa kimeshushwa hata kidogo, kwa nia njema kabisa, watu hawa watatu wangeporwa walichokipata kwa jasho lao.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Mwaka huo huo wa 2015, kikosi cha Marine cha Marekani kilitoa matokeo ya jaribio lake kubwa, ambalo vikundi vya wanaume tupu vilishindanishwa na vikundi vya mchanganyiko. Katika kazi 134 zilizopimwa, vikundi vya wanaume tupu vilifanya vizuri zaidi katika kazi 93, na wanawake waliumia mara nyingi zaidi. Wapo walioukosoa utafiti ule kwa namna ulivyopangwa, wakisema ulipima wastani wa kundi badala ya uwezo wa mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, mtu mkweli halifichi gunia lisilompendeza. Mwili wa mwanamke na wa mwanamume havikuumbwa sawasawa katika nguvu za misuli, na kusema hivyo si kumtukana mtu. Mwezi Desemba 2015 serikali ya nchi ile iliamua kuwafungulia wanawake kazi zote za mapigano, kwa sharti la kutimiza viwango.

Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza, nao unatuhusu. Jeshi lile liliandaa jaribio jipya la nguvu za mwili kwa askari wote. Wanawake wengi wakashindwa. Wengine wakasema kiwango kipangwe kwa jinsia na umri. Ajabu ni kwamba mmoja wa waliopinga wazo hilo alikuwa Kristen Griest mwenyewe. Mwaka 2021, akiwa tayari ameshakuwa mwanamke wa kwanza kuwa ofisa wa askari wa miguu katika jeshi lile, aliandika kwamba kuwashushia wanawake kiwango katika vikosi vya mapigano kungewarudisha nyuma na kuhatarisha wenzao. Mwaka 2022 jeshi lilipitisha viwango vinavyotofautiana kwa jinsia na umri. Mwaka 2025 likaanzisha jaribio jingine, ambamo kazi 21 za mapigano zinapimwa kwa kiwango kimoja kisichoangalia jinsia, na kazi nyingine zikabaki na viwango tofauti.

Mtu anaweza kusema hao wanayumba tu. Mimi naona wanatafuta kitu ambacho sisi tunaweza kukiona kwa urahisi tukienda pale Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Ukipimwa wingi wa damu hospitalini, mwanamume mwenye chini ya gramu 13 kwa desilita huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango ni gramu 12. Je, daktari anawapendelea wanawake? La hasha. Anapima afya ya mwili huo, na kila mwili una afya yake. Angetumia namba moja kwa wote, angewapa dawa watu wasio wagonjwa au angewanyima walio wagonjwa. Lakini toka nje ya chumba hicho, nenda mapokezi, ambako mgonjwa ameletwa kwenye machela kutoka kijijini. Uzito wa mgonjwa yule haupungui kwa sababu anayeshika upande mmoja wa machela ni mwanamke. Ama machela itainuka, ama haitainuka.

Basi vipo vipimo viwili, na ugomvi wetu mwingi unatokana na kuvichanganya. Kipo kipimo cha mwili, kinachouliza: je, mtu huyu yu mzima, anajitunza, anajitahidi kadiri ya maumbile yake? Hiki kina haki ya kutofautiana kwa umri na jinsia, na afande wangu wa miaka ile, alipoongeza dakika za mchakamchaka, hakufanya dhambi. Kipo pia kipimo cha kazi, kinachouliza: je, mtu huyu ataweza kumtoa mwenzake aliyejeruhiwa chini ya risasi, kubeba silaha hii hadi kilima kile, kuvuka mto huu? Hiki hakina jinsia, kwa sababu mto hauna jinsia. Mto wetu wa Kilombero, enzi za mitumbwi na kivuko kabla ya daraja, haukumuuliza mtu kama ni mume au mke kabla ya kumzamisha.

Kwa kipimo cha kazi, kushusha ni uongo unaoweza kuua. Lakini kupandisha juu ya kile kazi inachodai nako ni uongo, hata kama hakuna anayekufa. Mwenye kutunga kipimo ana wajibu wa kujibu swali moja mbele ya dhamiri yake: kazi hii inadai nini hasa? Akishajibu kwa unyofu, aandike hicho, si zaidi wala pungufu, kisha afungue mlango kwa yeyote atakayekifikia. Wakifika mabinti mia, waingie mia. Akifika mmoja, aingie huyo mmoja, na asidharauliwe kwa kuwa peke yake.

Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano wa mlango uliofunguliwa. Fatuma Ahmed alijiunga na jeshi la nchi hiyo mwaka 1983, wakati wanawake walikuwa bado wamewekwa katika kikosi chao cha pembeni. Kikosi hicho kilivunjwa baadaye, wanawake wakaingizwa katika matawi yote. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo cha brigedia, mwaka 2018 akawa meja jenerali, na mwaka 2024 akapewa kuliongoza Jeshi la Anga. Hapa Tanzania, tangu tarehe 19 Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan, na mwezi Septemba mwaka huo Dkt. Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi. Maofisa wa kike huhitimu pale Monduli na wenzao wa kiume. Binti wa Mlimba au wa Malinyi akiuliza kama njia ipo, hatuwezi kumwambia haipo.

Tena historia ya kusini mwetu inaficha jambo ambalo wazee wanapaswa kulisimulia. Katika vita vya Majimaji, vilivyofika hadi Mahenge mwezi Agosti 1905 na kuyagusa makabila ya bonde hili, alikuwamo kule Ungoni kiongozi mwanamke, Nduna Mkomanile. Mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga Songea pamoja na viongozi wenzake wanaume. Kamba ile haikumwekea kiwango chepesi. Katika Agano la Kale nako, kitabu cha Waamuzi, sura ya 4, kinatusimulia juu ya Debora, mwamuzi wa Israeli, ambaye jemadari Baraka alikataa kwenda vitani bila yeye. Sisemi haya ili kuitukuza vita. Kanisa huombea amani kila siku, na silaha iliyo bora ni ile isiyotumika. Nasema kwamba pale kazi ya ulinzi inapokuwa ya lazima, hakuna mahali ambapo Mungu ameiandika kuwa ni mali ya jinsia moja.

Sasa niwarudie watu wangu wa kivulini.

Kwako mzee wangu uliyesema mabinti wanapunguziwa: unayo haki ya kudai kipimo cha kweli, nami nakuunga mkono. Lakini kidai kwa wote. Kijana wa kiume aliyepita kwa sababu mjomba wake anamjua mtu, naye amepita kwa debe lililobonyezwa, tena yeye hana hata udhuru wa maumbile. Mbona huyo hatumsemi?

Kwako mama unayeogopa binti atakuwa mgumu: Mtakatifu Yoana wa Arc alichomwa moto mwaka 1431, na miongoni mwa mashitaka yake lilikuwamo la kuvaa mavazi ya kiume. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920. Ugumu wa mikono si ugumu wa moyo. Mikono yako mwenyewe, mama, imekomazwa na jembe, na hakuna mtu katika kijiji chako aliyewahi kusema wewe si mwanamke. Mchumba anayeikimbia mikono inayoweza kazi, mwache akimbie.

Ipo hofu nyingine ambayo hakuna aliyeitamka kivulini, lakini wazazi huja kuninong'oneza baadaye. Wanaogopa mtu mwenye mamlaka, awe wa kambi, wa chuo au wa ofisi yoyote, amwambie binti kwamba kupita kwake kunategemea mwili wake. Hii ndiyo lumbesa mbaya kuliko zote, maana inamdai msichana malipo ambayo mvulana wa jirani yake hadaiwi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua kuwa ni kosa la jinai. Mzazi, mwambie binti yako hivyo kabla hajaondoka, kwa maneno ya wazi, bila kuona haya. Mwambie kwamba akirudi bila cheti kwa sababu alikataa, atapokelewa nyumbani kwa shangwe. Binti asiyejua kama atapokelewa ndiye anayenyamaza. Na ninyi waamini mliopewa mamlaka juu ya vijana, mnaposogea kupokea Ekaristi, kumbukeni kwamba daftari lililoko mfukoni mwenu nalo litakaguliwa.

Mwishowe, kwako mwanangu uliyeniuliza kama watakuhesabu kuwa mwenzao. Jibu langu ni hili. Usiombe kupunguziwa pale ambapo kazi yenyewe haipungui. Ukipewa nafuu ya kazi ambayo hukuiomba, sema kwa adabu, "Afande, naomba nijaribu kiwango kamili." Ukishindwa, umeshindwa kwa ukweli, na kushindwa kwa ukweli si aibu. Wale wanawake watatu wa Marekani walirudishwa mwanzo kabla ya kufaulu. Tafuta kazi nyingine ndani ya jeshi ambayo kipimo chake unakifikia, maana jeshi linahitaji madaktari, mafundi, marubani na wapishi, si wabeba mizinga peke yao. Lakini ukifaulu, usikubali mtu yeyote akuongezee kofia juu ya gunia lako. Ukifika kiwango, umefika. Hudaiwi shukrani ya ziada wala hudaiwi kuthibitisha mara mbili.

Kama watakuhesabu kuwa mwenzao, siwezi kukuahidi. Mioyo ya watu haina mizani ya serikali. Ninachojua ni kwamba siku ya shida, mwenzako aliyejeruhiwa hatauliza cheti chako kilisema nini. Atakachojua ni kama ameinuliwa kutoka chini au amebaki pale. Jiandae kwa siku hiyo, na mengine waachie wenyewe.

Kuhusu baba yako, nimekwisha kuongea naye, ingawa hukuniomba. Nilimkuta akifungasha mpunga. Hajasema ndiyo. Alichosema ni kwamba anataka kuona hiyo fomu ya kujitolea na kuisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Mpelekee. Mkae chini muisome pamoja.

Wapendwa, juma hili tuwaombee vijana wetu walioko makambini, wa kiume na wa kike, wale wa Chita walio karibu nasi na wale walio mbali. Tuwaombee pia wenye madaftari na mizani, wapime kwa haki. Na sisi wenyewe, sokoni, mashambani na nyumbani kwetu, tuanze kwa kuziacha lumbesa zetu.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu.